Monita inazima dakika moja tu baada ya kufunga kompyuta, na nimeshaweka Never

Mama Steshenari
Habari za jioni wakuu. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro: kuchapa barua, kutoa kopi, CV za vijana wa vyuo. Kompyuta ni ya mezani, ya mtumba, Windows 10, monita inchi 22. Mwezi uliopita kitindamimba wangu aliniwekea mambo ya kubana umeme, maana LUKU ilikuwa inakwenda kama maji. Akaweka kioo kizime baada ya dakika 5, akabadilisha na picha ya nyuma ikawa nyeusi tii, eti nyeusi haili umeme. Kisha akarudi zake bweni, mimi nikabaki na balaa.

Balaa lenyewe: nikiinuka kwenda kwenye mashine ya kopi huwa nafunga kwa Windows na L, kwa sababu kuna siku mteja alijikalisha kwenye kiti changu akaanza kujitafutia faili lake. Sasa nikifunga tu, kopi kumi hazijaisha, kioo giza. Nimeingia Power Options, kwenye mipangilio ya umeme, nimeweka Never, yaani kisizime kamwe, kila mahali. Vilevile. Na hiyo ndiyo nafuu! Kuna wakati natikisa mausi, kinaandika No Signal, kitaa cha monita kinabaki rangi ya chungwa, huku CPU inavuma kama kawaida. Nashikilia kitufe mpaka izime yote. Jana nimepoteza kurasa nne za ripoti ya field ya binti wa watu, naye yuko palepale kwenye benchi ananitazama.

Fundi wa jirani kasema kadi ya picha imekufa, anataka elfu themanini. Nimpe?

chapchap_tu
Piga Windows mpya, mama. Yote yataisha.

Fundi Mtaratibu
Dada, usimpe hela bado, na Windows usipige. Hapo una matatizo mawili yamevaa shati moja.

La kwanza ni la Windows yenyewe. Ukifunga kwa Windows na L, kioo hakifuati ile Never uliyoweka. Kina saa yake ya pembeni, imefichwa, nayo imetegwa sekunde 60. Tafuta cmd, bofya kitufe cha kulia, chagua Run as administrator, halafu andika mstari mmoja mmoja:

`powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_video videoconlock 600`
`powercfg /setactive scheme_current`

Hiyo 600 ni sekunde, yaani dakika 10. Ukitaka kisizime kabisa weka 0, ila sikushauri.

La pili nataka unipimie kitu. Kikigoma tena, usiguse kitufe cha kuwashia. Bonyeza Num Lock kwenye kibodi uangalie kitaa chake. Kikiwaka na kuzimika kila ukibonyeza, kompyuta iko macho na ugonjwa uko njiani kuelekea kwenye monita. Kisipojibu chochote, basi mashine yenyewe imelala au imeganda. Niambie pia waya wa monita umechomekwa wapi.

dogo_wa_msamvu
Shikamoo mama. Kitaa kikijibu, kazi yako bado ipo, usiizime! Bonyeza Esc, andika neno lako la siri hivyohivyo kwenye giza, Enter, subiri kidogo, halafu Ctrl na S. Kama faili lilishapewa jina litajihifadhi. Baada ya hapo jaribu Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Utasikia mlio mfupi, hapo inaamsha upya upande wa picha.

Na hiyo picha nyeusi mdogo wangu kakudanganya bila kujua. Monita za LCD zina taa nyuma ya kioo, inawaka muda wote hata ukiweka rangi ya makaa. Michoro ya screen saver nayo ni hivyohivyo. Umeme unapungua kioo kikizima kweli.

Mama Steshenari
Marahaba mwanangu. Fundi, zile amri mbili zimekubali. Nimefunga, nimetoa kopi za mtihani wa shule nzima, nimerudi kioo kinaniangalia.

Saa kumi jioni kikagoma tena. Num Lock inawaka na kuzimika vizuri tu. Ile ya vidole vinne imelia “tii”, kioo kimya. Nikainama nyuma ya CPU: waya wa monita ni ule wa VGA wenye skrubu mbili, lakini haujachomekwa moja kwa moja, umepitia kikebo kifupi cheusi kinachoingia kwenye tundu jingine la picha, lile la DisplayPort. Nimekichomoa nikakirudisha, picha ikaja papo hapo!

Fundi Mtaratibu
Mchawi umemshika mkononi. Hiyo adapta inageuza mawimbi ya DisplayPort kuwa ya VGA. Zile za bei rahisi, monita ikishalala, hushindwa kuitambulisha tena kwa kompyuta. Kompyuta inadhani hakuna monita, monita inadhani hakuna kompyuta. Kadi ya picha nzima kabisa. Tazama nyuma ya CPU kama kuna tundu la bluu la VGA.

Mama Steshenari
Lipo! Lilizibwa na kifuniko cha plastiki cha bluu, nikadhani ni pambo. Na aliyeniuzia mashine alinichaji adapta pembeni. Nimekitoa kwa kucha, nimechomeka waya moja kwa moja, nimekaza skrubu. Leo siku ya tatu, kinalala na kuamka kama mtu mwenye adabu.

Swali moja: nirudishe zile dakika 5 za mtoto?

Fundi Mtaratibu
Weka 10. Monita yako nyuma imeandikwa watt ngapi?

Mama Steshenari
25.

Fundi Mtaratibu
Basi ikiwaka saa 12 inakula uniti 0.3. Ikilala zile saa nne ambazo duka limepoa, umeokoa 0.1. CPU hata ikikaa bure inaweza kula kuliko monita, kwa hiyo ukienda kula mchana hifadhi kazi uilaze yote kwa Sleep. Ila kama LUKU inakimbia kweli, mimi ningeanza kuitazama mashine ya kopi, ule mtambo unachemsha roli lake kila inapoamka.

Mama Steshenari
Hiyo nayo nitaifungulia uzi wake. Asanteni sana. Sasa natafuta picha yangu ya nyuma ya zamani, ya mama yangu na mbuzi wake. Sijui huyu mtoto kaiweka wapi.