Kijana ametoa minervale (karo ya shule) kukomboa mama ya rafiki yake. Nimpige?

Mama wa Katuba: Jambo bamama na bapapa. Niko Lubumbashi, Kongo, kijana wangu ana miaka 15. Nilimpa dola 60 za minervale (shule ya msingi ni bure tangu 2019, sekondari bado tunalia). Juzi prefe (mkuu wa shule) amemrudisha nyumbani. Kumbe pesa alimpa rafiki yake: mama yake amejifungua, wakamzuia kwenye kituo cha afya kwa ajili ya deni. Siku nne mwanangu ananidanganya habari ya risiti! Nikamuuliza, akasema: "Mama, shule inaweza kungoja, kile kitoto hakiwezi." Nikakosa neno. Baba yake anataka fimbo.

Papa Junior: Fimbo. Kesho atauza televisheni yenu kwa huruma hiyohiyo.

Mwalimu Kampemba: Polepole, Papa Junior. Miaka ya 1950 Mmarekani Lawrence Kohlberg aliwapa wavulana wa Chicago kisa cha namna hii: mke anakufa, dawa ni ghali, mume aibe au asiibe? Jibu halikumshughulisha sana, alitega sikio kwenye sababu. "Nitafungwa" na "uhai unapita mali" si ngazi moja. Kijana huyu sababu anayo. Uongo ndio wa kuzungumza: kwa nini hakukuambia?

Mama wa Katuba: Eti angekataliwa. Na kweli tungekataa. Lakini huyuhuyu mwezi jana walipanda pikipiki watatu, wakashindana usiku bila taa. Akili ilikuwa wapi?

Yaya wa Ruashi: Ilikuwepo, na wenzake walikuwepo. Mwaka 2005 Gardner na Steinberg waliwachezesha watu 306 mchezo wa gari kwenye kompyuta. Wa miaka 13 hadi 16, wenzao wakitazama, walijihatarisha zaidi sana. Watu wazima hawakubadilika. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kujizuia, inaendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Ya minervale aliiwaza kwa utulivu. Ya pikipiki ilikuwa sekunde mbili na kelele za wenzake. Wangu nimemfundisha neno la kujitoa kwa wenzake: "Papa ananiita." Anisingizie mimi na baba yake tu, sisi hatuoni haya.

Papa Junior: Sawa, na dola 60? Jumamosi abebe makala (makaa) sokoni, alipe hata kidogo.

Mama wa Katuba: Hilo nakubali. Jana nkambo (bibi) wa yule rafiki ameleta 15, zimefungwa kwenye kitambaa. Baba ameweka fimbo juu ya kabati. Hajaivunja.