MD: Muhimbili, UDOM au Mbeya? Naombeni ushauri kabla sijathibitisha

Binti wa Masasi: Shikamooni wakubwa. Nimemaliza PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), nimechaguliwa MD, yaani shahada ya udaktari, vyuo 3: MUHAS (Muhimbili, Dar), UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na chuo cha UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kilichopo Mbeya. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanataka nithibitishe kimoja tu. Baba kastaafu, na mkopo sijajua nitapata kiasi gani. Ningekuwa mwanenu mngenipeleka wapi?

Mzee wa Wodi: Marahaba binti. Muhimbili. Ndiko udaktari ulikoanza kufundishwa nchini mwaka 1963, na pale pale ipo MOI ya mifupa na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete. Ugonjwa uliousoma asubuhi, jioni unaukuta wodini.

Chamwino: Mzee wangu, huyu anatoka Masasi na mkopo hajaujua. Chumba cha karibu na Upanga, iliko Muhimbili, ni pesa ndefu. Wengi wanapanga mbali, saa 11 alfajiri wako kituoni wanagombania daladala. UDOM unalala hosteli ya chuo, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko hapo hapo. Miaka 5 ni ile ile, mwaka wa intern (mazoezi hospitalini baada ya kuhitimu) ni ule ule, na baraza la madaktari litakalomsajili ni moja.

Da Mwanaidi: Mdogo wangu, mimi sasa ni intern. Niliposoma sipataji, ila raundi za wodini tulikuwa tunazunguka kitanda kimoja watu zaidi ya 20. Mwaka wa 3 wote ini nalisikia likielezwa tu, mgonjwa simwoni kwa migongo ya wenzangu. Nikaanza kubaki jioni wenzangu wakienda kula. Bibi mmoja akanikubalia: "Bonyeza mjukuu wangu, mkono wako una joto." Akavuta pumzi, na ukingo wa ini ukaja wenyewe kugonga vidole vyangu. Watafute wanafunzi wa mwaka wa 3 kila chuo, waulize kitanda kimoja mnakuwa wangapi.

Uyole: Mbeya msiiruke! Hospitali ya rufaa ya kanda inapokea wagonjwa wa Songwe, Rukwa mpaka Katavi, na wazazi wana hospitali yao, Meta. Sweta tu ndiyo lazima.

Mzee wa Wodi: Hoja ya chumba naikubali. Binti, Dar una ndugu?

Binti wa Masasi: Shangazi yuko Ilala, chumba kimoja na watoto 4. Nimeongea na baba, nimethibitisha UDOM. Da Mwanaidi, hilo la kubaki jioni nimeliandika kwenye daftari.

Chamwino: Karibu sana. Njoo na ndoo yenye mfuniko, na blanketi zito. Juni usiku Dodoma kuna upepo wa baridi.