Betacam SP au DVCAM: kanda zipi zibebe picha kuu ya makala?

mhariri_mezani
Habari wakuu. Makala ya dakika 52 kwa runinga. Kanda ni Betacam SP (analogi) na DVCAM (digitali), zote PAL (mfumo wa runinga wa fremu 25 kwa sekunde), za kati ya 1997 na 2003, na matukio kadhaa yamo kwenye aina zote mbili. Mahojiano yalipigwa mbele ya kitambaa cha kijani, kitakachoondolewa ili kuweka mandhari nyingine. Mtayarishaji anasema digitali daima inaishinda analogi, kwa hiyo SP tuziache. Ni kweli? Na kama si kweli, SP tuziingizeje kwenye kompyuta?

fundi_kanda
Mkuu, si kweli. DVCAM ni digitali ya megabiti 25 kwa sekunde, biti 8, yenye mbano (kupunguza data) wa takriban 5 kwa 1. Kwenye PAL inatumia 4:2:0: picha ina nukta 720 kwa 576, lakini rangi inahifadhiwa kwa 360 kwa 288 tu. Ukiondoa kijani, nywele na mabega yanatoka na ngazi ngazi.

SP ni analogi, ila ni komponenti: mwanga una njia yake, na ishara mbili za rangi zina njia yake. Rangi haina miraba ya mbano, hivyo kingo za kijani hutoka laini, ingawa kuna kelele kidogo gizani.

Swali kubwa ni kama SP hizo ni kanda za kamera au nakala. Kila nakala ya analogi inaongeza kelele na kufifisha rangi. Ya kamera, ichukueni kwa kijani bila wasiwasi. Ikiwa ni nakala ya tatu, chukueni DVCAM, maana yenyewe hunakiliwa kwa FireWire (kebo ya data ya digitali) bila kupoteza chochote. Angalieni na kamera pia: lenzi nzuri na sensa ya inchi 2/3 inaonekana kuliko tofauti ya kanda.

deki_na_kebo
Kuhusu kuingiza SP: tafuteni deki (mashine ya kuchezea kanda) yenye SDI, yaani tokeo la video ya digitali, mfano DVW-A500P, inayosoma Digital Betacam na SP pia. Bila hiyo, tumieni deki yenye komponenti ya kebo tatu za BNC (plagi za video za kitaalamu). Komposaiti msiiguse: ikishachanganya mwanga na rangi kwenye waya mmoja, hakuna kifaa kinachozitenganisha kikamilifu.

Mwanzoni mwa kanda huwa kuna mistari ya rangi. Rekebisheni TBC (kifaa kinachotuliza na kusawazisha ishara ya video) kwa mistari hiyo, kanda moja moja: nyeusi ikae 64 na nyeupe 940 kwenye kipimo cha biti 10. Kurekebisha mara moja kwa kanda zote ndiko kunakoleta nyuso nyekundu katikati ya makala.

Rekodini biti 10, 4:2:2 (rangi hupunguzwa nusu kwa upana tu), bila mbano. Ni karibu GB 100 kwa saa. FFV1, aina ya mbano usiopoteza data, inapunguza hadi karibu nusu bila kupoteza kitu. SP kuigeuza DV ni kuitupa ile rangi mliyoifuata. DVCAM yenyewe ivuteni kwa FireWire kama ilivyo, GB 13 hivi kwa saa.

Kabla ya kucheza, pelekeni kanda mbele hadi mwisho na kuirudisha, ili mkazo wake uwe sawa. Ikipiga kelele ya kukwaruza, simamisheni papo hapo, maana inaacha gundi kwenye vichwa. Kanda yenye ukungu (kuvu) mweupe pembeni mwa utepe, kama zile zilizokaa pwani, isiingie kwenye deki kabisa: mbegu za ukungu zitahamia kanda inayofuata.

rangi_kwanza
Naongeza yanayoharibu kazi mezani. Kila fremu ina nyuga mbili, yaani nusu mbili za mistari yake. DV (aina ya video iliyomo kwenye DVCAM) huanza na uga wa chini, ila PAL iliyoingia kwa SDI huanza na uga wa juu. Mkiziweka kwenye mstari mmoja wa kuhariri bila kuitajia programu kila klipu ilivyo, chochote kinachotembea kitatetemeka.

Kijani cha DVCAM kinaweza kuokolewa: lainisheni chaneli za rangi pekee, mwanga uacheni, kisha ndipo muondoe kijani. Fanyeni hivyo kabla ya kukuza picha.

Sauti nayo: baadhi ya DVCAM zina chaneli 4 za biti 12 kwa 32 kHz. Geuzeni kuwa 48 kHz kabla ya kuhariri. Kwa SP, sikilizeni chaneli 3 na 4 pia. Hizo ni AFM (sauti iliyorekodiwa pamoja na picha kwa vichwa vinavyozunguka), na deki nyingi za bei nafuu hazizisomi kabisa, wakati mara nyingine sauti safi ya mahojiano imekaa huko.