Naomba ushauri: kiolezo cha Vite kimegoma kuwaka

Wakuu, habari za saa hizi. Naanza tovuti ya duka la dada yangu, anauza vitenge. Natumia Vite, zana ya kuanzisha na kuendesha miradi ya tovuti. Nikaandika npm create vite@latest, nikachagua React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa), mafaili yakaja vizuri, npm install nayo ikapita. Kufika npm run dev, chali: "crypto.hash is not a function".

Mashine ni Ubuntu 24.04, Node (programu inayoendesha JavaScript, ndiyo Vite inaitegemea) niliivuta kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu, ni toleo la 18. Nimesoma kwamba Vite 7 inataka 20.19, au 22.12 kwenda juu. Sasa niweke nvm (zana ya kuweka matoleo kadhaa ya Node) nipandishe Node, au nishushe Vite? Humuhumu kuna kazi ya mteja inayotembea na hiyo 18, sitaki kabisa kuigusa. Na bando lenyewe linapumulia mashine.