Eti kifaa changu cha kusikia "kimestaafu kama mwenyewe"!

Mwalimu wa Umoja:

Nimeshuka ngazi za yule muuzaji wa vifaa vya kusikia muda si mrefu, nami naandika haya nikiwa kwenye foleni ya matatu, kwa sababu nikingoja hadi nifike nyumbani mtaani Umoja nitakuwa nimepasuka. Mnamjua. Kila mwenye sikio bovu katika jiji hili la Nairobi amezipanda ngazi zile, akakalia viti vile vya plastiki na kuikodolea macho ile picha ya sikio lililopasuliwa katikati. Simtaji.

Kifaa changu cha kushoto, kile cha nyuma ya sikio, kilinyamaza Jumamosi, nikampelekea. Alikipokea kwa vidole viwili kama anayeshika mkia wa panya, akauliza kina umri gani, nikamjibu kuwa kina miaka minne. Hakukifungua, wala hakujaribu betri nyingine. Alimgeukia mwanangu, si mimi, akatamka kwa sauti iliyozishinda spika zote za maduka ya barabara ya Luthuli: "Mwambie mzee kifaa chake kimestaafu kama mwenyewe."

Kama mwenyewe! Alisahau kuwa sikio la kulia nalo lina kifaa, tena nilikuwa nimekitia betri mpya asubuhi hiyo, kwa hiyo nilisikia kila silabi.

Nilifundisha hesabu kwa miaka 31. Najua kuwa vifaa hivi kwa kawaida huishi kati ya miaka mitatu na saba, na kwamba vya nyuma ya sikio hustahimili kuliko vile vinavyozama ndani na kushinda vikiogelea katika nta na jasho. Minne si saba. Kila usiku nakifungua kimlango cha betri ili unyevu utoke, nakipangusa kwa kitambaa kikavu, kisha nakilaza ndani ya mkebe wenye chembe za kunyonya maji, hata mke wangu hulalamika kuwa yeye sijawahi kumfunika kwa uangalifu wa namna hiyo. Halafu mtu anakitazama sekunde nne, anakifanyia matanga na kufungua kabati la vipya! "Kama mwenyewe", mbele ya mwanangu, naye mwanangu akacheka.

Mama Tabu:

Pole sana, Mwalimu. Kabla hatujamchoma, je, uliutazama mrija, ule unaopeleka sauti sikioni? Katika baridi hii ya Julai mvuke hugeuka maji ndani yake, na tone moja tu linatosha kuizuia sauti. Tena mrija ukishakuwa wa njano na kukakamaa kama tambi kavu, hubadilishwa. Wangu hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita.

Mwalimu wa Umoja:

Wangu ni wa njano, ndiyo, lakini hilo silo tulilonalo hapa. Tulilonalo ni "kama mwenyewe".

Fundi Asiyeitwa:

Wa njano tangu lini, Mwalimu?

Mwalimu wa Umoja:

Sijawahi kuubadilisha.

Fundi Asiyeitwa:

Miaka minne! Wanajukwaa, mtu huyu anakilaza kifaa mkebeni kama mtoto mchanga, lakini koo la mtoto hajalitazama tangu azaliwe. Naanza kumhurumia yule wa ngazini.

Msharika wa Kiti cha Nyuma:

Yule ana nafuu. Mimi naomba tumzungumzie anayetuuzia betri. Aliniuzia zile za namba 13, zenye kibandiko cha rangi ya machungwa, ambazo vibandiko vyake vilikuwa vimekwisha kubanduliwa na kurudishwa. Betri hizi huamshwa na hewa, na zikishaamka hata ukizibandika upya hazilali. Nilitarajia wiki moja au mbili, zikanipa ibada moja, na hata hiyo zilizimika wakati wa kutangaza michango, jambo ambalo, kusema kweli, sikulililia sana.

Mama Tabu:

Nawe huzipi nafasi ya kuvuta pumzi. Ukishabandua, iache betri wazi kwa dakika moja ndipo ufunge kimlango.

Babu wa Kasarani:

Ninyi mna bahati ya kulalamikia vitu mnavyoviona. Changu niliacha kukizima nilipokiweka mezani, kikaanza kupiga mluzi peke yake, na mbwa wa jirani, aliyeusikia mluzi huo kabla yetu sote, akaingia sebuleni na kukitafuna hadi ikabaki ndoano ya plastiki. Jirani anasema kosa ni langu kwa kumwita mbwa wake.

Mwalimu wa Umoja:

Nimeuchomoa mrija hapa ndani ya matatu na kuupuliza. Limetoka tone. Sasa namsikia konda, abiria wote, na mtoto anayelia kiti cha mwisho. Hata hivyo yule mtu alisema "kama mwenyewe", na ninauliza: je, hiyo ni lugha ya kumwambia mteja?

Mama Tabu:

Umepuliza kwa mdomo? Mwalimu! Pumzi yako yenyewe ni unyevu. Kuna kipira maalumu cha kupulizia hewa kavu.

Msharika wa Kiti cha Nyuma:

Babu, mbwa huyo ni wa aina gani? Nauliza kwa sababu wangu ameanza kulitazama sikio langu.