Tupeane uzoefu: walipokuja kuihifadhi bahari yenu, waliwauliza?

Mwanadiko: Nimesikia mwamba mwingine utafungwa ili pweza wakue, nikakumbuka ya kwetu. Kwenu ilikuwaje?

Mchokoaji: Sisi wa Pemba tulikubali wenyewe kufunga miezi mitatu, kwa kuwa pweza hukua upesi. Waliobeba mzigo ni wanawake, maana wanaume wana madema na mishipi ya kina kirefu, ilhali sisi hutembea mwambani maji yakipwa, tukiwachokoa pweza mashimoni. Siku ya kufungua ikapangwa na watu wa mradi kwa kufuata nafasi ya mgeni rasmi. Bibi mmoja alisimama kikaoni akawaeleza kwamba siku hiyo mwezi utakuwa na siku nane tangu kuandama, maji yatakuwa mafu, hayatapwa sana, na mwamba hautatoka. Wakamshukuru kwa mchango wake, wakaendelea na ajenda. Ilipofika siku yenyewe, tulisimama maji ya kifua tukiwatazama wazamiaji wenye miwani, wengine wa vijiji vya mbali, wakipandisha pweza tuliowalinda sisi. Hotuba zilisomwa vilevile.

Kidau: Ndivyo ilivyokuwa kwetu pia.

Mzamiaji: Msitusingizie. Kamati ilituruhusu kama mtu mwingine yeyote.

Mchokoaji: Kwenye kuvuna mliruhusiwa. Kwenye doria za usiku mlikuwa wapi?

Afisa Uvuvi: Bibi alikuwa sahihi, na aliyepanga tarehe alistahili kuulizwa. Hata hivyo, tusiwafanye wazee malaika: kujua bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, hakumzuii mtu kukokota wavu wa juya juu ya nyasi za bahari, na baadhi ya niliowakamata wana mvi.

Mkilifi: Kwetu Kuruwitu, Kilifi nchini Kenya, wanakijiji walitenga eneo lao wenyewe mwaka 2005, nasi huliita tengefu. Ubishi ulikuwa mkali, lakini ulikuwa wa wenyeji kwa wenyeji.

Kidau: Andikeni katika sheria ndogo kwamba ufunguzi utakuwa wakati wa bamvua, na kwamba wachokoaji wataingia kwanza.

Babu wa Ngalawa: Msiandike chochote! Mkishawaonyesha mwamba mzuri, mwakani mtaukuta umewekewa maboya. Waonyesheni ule mbovu.

Mwanadiko: Au mgeni rasmi aandamane na wachokoaji hadi mwambani, avue viatu, afungue yeye. Tarehe itajipanga yenyewe.

Mchokoaji: Rasimu ya sheria ndogo iko kwa sheha. Bamvua limekubaliwa na wote. Kinachobishaniwa bado ni saa ya wazamiaji kuingia.