Mtutu wa bunduki ya marehemu baba una kutu, naomba ushauri

Hamjambo ndugu zangu. Niko Nairobi, nina bunduki ya .22 (kipimo cha risasi ndogo) ya kulengea shabaha iliyokuwa ya marehemu baba (leseni ninayo). Baridi ya Julai niliiacha ndani ya mfuko wa ngozi, kumbe ngozi hushika unyevu. Sasa mtutu una madoa ya kutu.

Nimehakikisha haina risasi, nikatoa boliti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), nikapitisha fimbo ya kusafishia yenye kitambaa kutokea nyuma ili mdomo wa mtutu usikwaruzike. Vitambaa 10 vyote vimetoka vyeusi! Ni madini ya risasi yamegandia ndani, au kutu inakula mifuo (mistari ya ndani ya mtutu inayoizungusha risasi)? Fundi mmoja anasema nitumie msasa, moyo umekataa kabisa. Brashi ya shaba na mafuta mepesi vitatosha? Nisaidieni, sitaki kuiharibu.